Shajara ya mradi: njaa ya saa 8 usiku

Jumanne, 8 Aprili 2025

Tumeanza utafiti wetu wa njaa ya walinzi wa usiku hapa Dar es Salaam. Jana ilikuwa Siku ya Karume na ofisi zilifungwa, kwa hiyo leo ndiyo siku yetu ya kwanza kutoka. Saa 11 jioni tulikuwa tumeshafika kwenye geti la kwanza, mimi, muuguzi wetu na kijana wetu wa data. Mvua ya masika ilikuwa inapiga bati la kibanda cha mlinzi mpaka tukawa tunaongea kwa kupaaza sauti. Walinzi wanaingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi. Tunapata nusu saa ya kuwaona jioni wakiwa na nguvu zao, na nusu saa asubuhi wakiwa wanawazia kitanda tu. Katikati hapo hatuwasumbui.

Kila aliyekubali kushiriki amevaa mkononi kipima-mwendo, mfano wa saa isiyo na uso. Kinahesabu mkono unavyotikisika na kupima mwanga unaomfikia mtu, na kutokana na hayo tunakadiria amelala lini na ameamka lini. Pamoja nacho kuna shajara ya chakula: ya simu kwa mwenye simu janja, ya daftari kwa asiyekuwa nayo. Damu tutachukua baadaye.

Ramadhani tuliiacha ipite makusudi. Mwezi wa mfungo mlo wa kila mtu unahamia usiku na daku linakata usingizi, hata kwa mtu wa kazi ya mchana. Tusingeweza kutenganisha kinacholetwa na lindo na kinacholetwa na funga.

Niliandike swali letu hapa mwanzoni ili lisije likanipotea njiani. Kwamba mtu aliyekesha hupata njaa, hilo kila mtu analijua. Ila njaa yake haifanani na ya mtu aliyekosa chakula. Inamjia saa 8, saa 9 usiku, hata kama magharibi alikula ugali akashiba, na haimwambii chungwa wala mchicha. Inamwambia andazi, chipsi, soda. Miaka mingi nimeitafuta njaa hiyo katika ubongo wa panya, kwenye sehemu iitwayo haipothalamasi, iliyoko chini kabisa ya ubongo na ambayo kwa binadamu ina ukubwa wa lozi. Lakini panya ni mnyama wa usiku. Giza linapoingia ndipo kwake kumekucha. Mlinzi ameumbwa kwa mchana na anafanya kazi usiku, na hilo panya hawezi kunifundisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku nzima imeishia kwenye maneno.

Kipimo cha hamu ya kula kinachotumiwa na watafiti karibu kote ni mstari wa milimita 100. Mwanzo wa mstari ni "sina njaa hata kidogo", mwisho wake ni "nina njaa kuliko nilivyowahi kuwa nayo", na mtu anatia alama pale anapojiona yupo. Kisha tunachukua rula na kusoma. Maswali yako kadhaa: njaa, shibe, hamu, na hamu ya vyakula vya aina aina.

Kiswahili kimeligawa jambo hili kwa ufundi kuliko dodoso lenyewe. Njaa ni ya tumbo. Hamu ni kitu kingine. Mgonjwa anasema hana hamu ya kula, na huenda tumbo lake ni tupu tangu jana. Uchu una kitu chake maalumu, uchu wa nyama, uchu wa kitu kitamu. Uroho ni tabia, tena ya aibu. Katika rasimu yetu neno hilo la mwisho lilikuwa limeingia kwenye swali la nne, na muuguzi ndiye aliyelikamata. "Hapa kila mtu atatia alama kwenye sifuri," akasema, "nani atajiita mroho mbele ya wageni?" Tumelitoa.

Jioni tukajaribu dodoso jipya na watu watatu. Mmoja wao ni mshiriki tunayemwita M-07, mzee wa miaka hamsini na kitu ambaye amelinda mageti ya mji huu tangu ujana wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Dokta. Hebu njoo. Hapa umeniuliza njaa, na hapa umeniuliza uchu. Nijibu yote mawili?"

"Yote, mzee. Yanatofautiana?"

"Sana. Saa 8 usiku njaa sina. Nimekula kwangu, nimeshiba. Ila huo uchu, usiombe."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ndani yake kuna mgawanyo ambao sisi hutumia mitambo ya mamilioni kuuona. Njaa ya tumbo tupu inaendeshwa na niuroni, yaani seli za neva, chache katika haipothalamasi. Panya aliyeshiba akiamshwa niuroni hizo kwa mwanga tu unaopenyezwa ubongoni, anakimbilia chakula kama hajala siku 2. Uchu unapitia mlango mwingine, ule wa mfumo wa kutuza, unaotupa raha tunapopata tunachokipenda, na kukesha kunaufungua mlango huo. Mwaka 2013 watafiti wa Berkeley waliwakesheza watu 23 usiku kucha, kisha wakawaonyesha picha za vyakula wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Sehemu za mbele zinazopima na kuamua zilikuwa zimezubaa, na amigdala, inayosema "hiki nakitaka", ilikuwa imechangamka. Picha walizozitamani zaidi zilikuwa za vyakula vyenye nishati nyingi.

Dodoso sasa lina njaa, shibe, hamu na uchu. Kila kimoja na mstari wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Fupi. Washiriki wawili wanafunga sita ya Shawwal, zile siku sita za sunna baada ya Ramadhani. Tuliiacha Ramadhani ipite, tukasahau sita. Wamekubali tuwasogeze mwanzo wao hadi wamalize. Mmoja ameniuliza kama akifunga Jumatatu na Alhamisi baada ya hapo atatuharibia kazi. Nimemwambia afunge, atuandikie tu.

Jumanne, 15 Aprili

M-07 aliniuliza jana asubuhi akiwa anafungua baiskeli yake: "Huo ubongo unajuaje kama mimi nimekesha?" Nikamjibu kwa dakika mbili kwa sababu alikuwa amechoka. Nimerudi nyumbani swali likiwa bado linanizunguka, nijibu hapa vizuri zaidi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kulizuka Ulaya ugonjwa wa ubongo uliowalaza watu wiki kwa wiki. Daktari mmoja wa Vienna, Constantin von Economo, alikuwa akiwapasua waliokufa ili aone ugonjwa umekula wapi. Waliokuwa wamelala kupita kiasi aliwakuta na jeraha upande wa nyuma wa haipothalamasi. Waliokuwa hawapati hata lepe la usingizi aliwakuta na jeraha upande wa mbele. Kumbe kulala na kukesha vina mahali pake, na mahali penyewe ni jirani mno na pale penye njaa. Ukubwa wa lozi, nimeshasema. Hapo ndani kila mtu ni jirani wa mwenzake.

Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua, kila moja kivyake, peptidi mpya, mfano wa protini fupi, katika haipothalamasi ya pembeni. Kundi la Masashi Yanagisawa na Takeshi Sakurai liliidunga kwenye ubongo wa panya, panya wakala. Wakaiita oreksini, kutokana na neno la Kigiriki la hamu ya kula. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba panya aliyenyimwa oreksini huanguka usingizini ghafla katikati ya shughuli zake, na kwamba mbwa wenye ugonjwa wa kusinzia wana hitilafu kwenye kipokezi cha oreksini hiyohiyo. Wagonjwa wa kusinzia miongoni mwa binadamu wamepoteza karibu niuroni zote za oreksini, ambazo mtu mzima huwa nazo elfu 70 hivi. Kwa hiyo kitu kilichopewa jina la hamu ya kula ndicho kinachotushikilia macho.

Kwangu hiki ndicho kiini cha mradi mzima. Mnyama mwenye njaa hatakiwi alale. Akilala, atakufa. Kwa hiyo njaa inaziamsha niuroni za oreksini, nazo zinamwamsha mnyama akatafute. Mlinzi anautembea mnyororo huo kinyume. Hakuamshwa na njaa, ameamshwa na kazi. Lakini zile niuroni zikiwaka usiku kucha ili asisinzie, na jirani zao wa njaa wanasikia kelele.

Hili la kelele ni dhana yangu, bado sijalithibitisha kwa mtu yeyote. Ndiyo sababu ya hivi vipima-mwendo.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimekasirika, na nimesubiri hadi usiku ndipo niandike.

Msimamizi wa kampuni moja wanakofanyia kazi baadhi ya washiriki alinipigia simu asubuhi. Mpole, mwenye heshima. Alisema amesikia zile saa zetu zinaonyesha mlinzi akilala, akaomba tumtumie "ripoti ndogo tu" ya kila mtu kwa wiki. Akaongeza kwamba ndiye aliyeturuhusu kuingia kwenye malindo yake.

Ni kweli vipima-mwendo vinaonyesha. Mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha plastiki tangu magharibi, kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, huo ndio wakati joto la mwili linafika chini kabisa na usingizi unamkaba kila kiumbe wa mchana. Anaingia mang'amung'amu, robo saa, nusu saa, hajui kama amelala au yu macho. Kwenye grafu inaonekana kama bonde. Bonde hilo likifika mezani kwa msimamizi, ni barua ya kuachishwa kazi.

Nilimwambia hapana. Nikamwambia fomu ya ridhaa waliyosaini inasema taarifa za mtu hazitoki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimpi nafasi hiyo. Alinyamaza, akasema atatafakari kuhusu ruhusa ya kuingia.

Mchana tukakaa watatu. Orodha inayounganisha majina na namba sasa ipo kwenye karatasi moja, ndani ya kabati lenye kufuli, ufunguo ninao mimi. Jioni nikapita geti kwa geti, nikawaeleza washiriki kilichotokea bila kumtaja mtu, na kila mmoja nikamwuliza kama anataka kuvua. Wanne wamevua. Sikumshawishi hata mmoja abaki. M-07 alisikiliza hadi mwisho, akavuta mkono wa shati akafunika kifaa, akasema, "Endelea."

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Hakuna aliyekuja ofisini, lakini malindo hayana sikukuu, na shajara za chakula zimeendelea kuingia: pilau, pilau, pilau na soda, pilau. Ruhusa haijafutwa.

Jumanne, 22 Aprili

Kuna kitu hakikai sawa.

Kijana wa data ameweka kwa mara ya kwanza milo na usingizi kwenye grafu moja. M-11 anaonekana anakula chapati na maharage akiwa katikati ya usingizi mzito wa mchana. Si siku moja, kila siku. M-03 naye hali chochote usiku wote, kisha anakula vitumbua 4 saa 2 asubuhi, dakika 40 baada ya kipima-mwendo kuonyesha kwamba amelala kama pono. Nimemwuliza kijana kama faili zimechanganyika. Hazijachanganyika. Nikadhani vifaa vimeharibika. Nimevaa kimoja mwenyewe nikaenda nacho hadi Kariakoo na kurudi, kizima kabisa.

Usiku, saa 5. Nimeipata, nadhani. Nisubiri asubuhi.

Jumatano, 23 Aprili

Ni saa zetu.

Fomu ya simu ina kidirisha cha kuchagua muda, kutoka 00:00 hadi 23:00. M-03 alikula vitumbua saa 8 usiku kasorobo. Akafungua kidirisha, akatafuta saa 8, akaiona 08:00, akaibonyeza. Kwa simu yake hiyo ni saa 2 asubuhi. Kila mlo wake umesogezwa mbele saa 6, usiku ukawa asubuhi, na mtu mwenye njaa ya usiku kwenye kumbukumbu zetu akawa mtu wa kifungua kinywa.

Dawa ingekuwa rahisi kama wote wangefanya hivyo: tungetoa saa 6, basi. Lakini vijana waliokua na simu mkononi wanageuza vichwani mwao bila hata kujijua. Saa 8 usiku wanaibonyeza 02:00. Kuna wanaofanya hivi leo na vile kesho. Wenye daftari wao wameandika "saa 2", bila usiku wala asubuhi, kwa sababu aliyeandika alikuwepo na alijua kumekucha au hakujakucha.

Nimeumia kidogo kwamba kosa hili limetokea kwetu, watu wanaosema "saa 2" tangu utotoni, na wala halikuletwa na mgeni. Fomu tuliichukua kama ilivyo kutoka kwenye programu iliyotengenezwa kwa watu ambao siku yao inaanza usiku wa manane.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku 2 za kupembua. Tumeurudia mlo mmoja mmoja. Waliopiga picha ya sahani wametuokoa, kwa kuwa simu inaandika muda wa picha yenyewe. Palipokosekana picha tumetazama kipima-mwendo: mkono unaokula una mwendo wake, na mtu hali akiwa amelala. Palipobaki shaka muuguzi amepiga simu. Milo ambayo hata simu haikuitatua tumeiweka kando. Haitaingia kwenye hesabu.

Tulipodhani tumemaliza likaibuka la pili. M-15 ameandika "usiku wa Ijumaa, mihogo na chai". Kijana wa data, aliyekulia Iringa, ameiweka usiku unaofuata Ijumaa mchana. Muuguzi, mtu wa Pangani, akasema hapana, usiku wa Ijumaa umeshapita Ijumaa inapoingia. Ni ule wa Alhamisi jioni, kwa kuwa siku inaanza jua likizama. Wote wawili wako sawa kwao. Kwa lindo linalokata usiku wa manane, tofauti hiyo ni saa 24 nzima. Tumekubaliana kuanzia leo kila fomu iandikwe "usiku wa kuamkia", hapo hakuna Mswahili wa bara wala wa pwani atakayepotea.

Fomu mpya imeshaingia kwenye simu. Inauliza kwanza: ni usiku, alfajiri, asubuhi, mchana au jioni? Kisha inauliza saa 1 hadi 12. Kugeuza kunafanywa na kompyuta huko nyuma, mtu asihusishwe.

Kuna jambo zuri nililoligundua katikati ya taabu hii, na nimelieleza kwa wenzangu kwa furaha hata chai ikapoa. Katika maabara za wanyama hatutumii saa ya ukutani. Tunahesabu tangu taa inapowashwa: taa ikiwaka ni sifuri, saa 1 baadaye ni 1, na taa inazimwa saa 12. Watafiti wanaiandika ZT, kutokana na neno la Kijerumani Zeitgeber, yaani kitu kinachotoa wakati, alilolisambaza Jürgen Aschoff, na kitu kikuu kinachotoa wakati ni mwanga. Nimefanya kazi kwa saa hiyo miaka yote. Ni hii yetu. Kunakucha saa 12, baada ya saa moja ni saa 1, jua linazama saa 12. Hapa Dar es Salaam urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa nzima mwaka mzima, kwa hiyo saa ya Kiswahili inakaa na jua Januari hadi Desemba. Bibi yangu akisema saa 2 asubuhi alikuwa anataja muda ambao ubongo umekaa na mwanga, na ubongo unahesabu hivyohivyo: kundi la niuroni elfu 20 hivi juu ya njia panda ya mishipa ya macho, kiini cha suprakiazmatiki, linasahihishwa kila siku na mwanga unaoingia jichoni.

Na njaa inaifuata saa hiyo. Mwaka 2013 Frank Scheer na wenzake huko Boston waliwaweka watu kwenye mwanga hafifu wasijue ni saa ngapi, wakawagawia usingizi na chakula kwa mzunguko usio wa siku ya kawaida, ili kuona saa ya ndani inasema nini peke yake. Njaa ilikuwa chini kabisa saa 2 asubuhi na juu kabisa saa 2 usiku. Zisome hizo namba kwa Kiswahili: saa 2 na saa 2, zimetazamana. Mlinzi anayetoka lindo akipita kwa mama ntilie asubuhi anakula wakati saa yake ya ndani ina njaa ndogo kuliko wakati wote. Anakula kwa sababu akili inamwambia amemaliza siku.

Kwa hiyo uchambuzi wetu wote utaandikwa kwa saa ya Kiswahili. Nimeshaanza kuchora grafu upya.

Jumatatu, 28 Aprili

Damu. Asubuhi, wakitoka lindo, mara ya kwanza. Mara ya pili itakuwa wakitoka mapumziko ya siku 2 wakiwa wamelala usiku nyumbani.

Tunatafuta homoni mbili hasa. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, inatoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo akiba ipo. Grelini, ya mwaka 1999, ya Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani, inatoka tumboni na kusema leteni chakula. Mwaka 2004 huko Chicago vijana 12 wenye afya walilala saa 4 tu kwa usiku 2, kisha wakalinganishwa na walipokaa kitandani saa 10. Leptini ilishuka asilimia 18, grelini ikapanda asilimia 28, na njaa waliyoitaja wenyewe ikapanda asilimia 24. Wale walikuwa wanafanyiwa jaribio la usiku 2. M-07 yuko kwenye jaribio hilo miaka zaidi ya 30.

Leptini haina shida, inasubiri. Grelini haisubiri. Ile hai ina kipande cha asidi ya mafuta kilichobandikwa juu yake, na damu ikishatoka mshipani kipande hicho kinaanza kubanduka. Bila kipande hicho ubongo hauisikii kama sauti ya njaa. Basi muuguzi anavuta damu, mrija unaingia moja kwa moja kwenye beseni la barafu ukiwa na dawa ya kuzuia vimeng'enya, mimi naupeleka kwenye mashine ya kuzungusha iliyopoozwa, majimaji ya njano yakijitenga juu nayavuta taratibu, natia tone la asidi, nafunga, kwenye barafu kavu. Nimeifanya kazi hii leo nyuma ya gari, turubai juu, mvua pembeni. Mrija wa nane ulikuwa na rangi ya waridi, maana yake chembe nyekundu zimepasuka, haufai. Mingine mizuri.

Umeme ulikatika saa 3 usiku kwenye jengo la friza. Jenereta likawaka. Nimekaa hadi friza lilipotulia kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 2 Mei

Awamu ya kwanza imefungwa. Leo tumekusanya vipima-mwendo vya kundi la mwanzo. Matokeo siyaandiki hapa kabla sampuli zote hazijapimwa, na mwenye kupima hajui mrija upi ni wa lindo na upi wa mapumziko, aendelee kutojua.

M-07 alikuwa wa mwisho. Alinyoosha mkono nikamfungulia kifaa. Chini yake kulikuwa na alama nyeupe ya mkanda, akaisugua kwa kidole gumba.

"Sasa Dokta, niambie. Nile saa ngapi?"

Hilo ndilo awamu ya pili inakwenda kuuliza. Mwaka 2021 huko Boston watu 19 waliwekwa kwenye kazi ya usiku ya kuigiza maabarani. Waliokula usiku sukari yao ya damu ilipanda kwa wastani wa asilimia 6.4. Waliokula mchana tu, ijapokuwa walikesha vilevile, haikupanda. Kukesha kulikuwa kulekule, tofauti ilikuwa saa ya sahani. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ini na kongosho vina saa zao ndogo, na saa hizo zinafuata chakula, wakati saa kuu ubongoni inafuata mwanga. Mtu akila saa 8 usiku anaziambia saa ndogo kumekucha, na saa kubwa inasema bado ni giza. Lakini wale waliletewa chakula chumbani kwa ratiba. Mlinzi anakula anapoweza, kinachopatikana, kwa hela iliyopo mfukoni. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo asile usiku kwa kuwa jaribio la watu 19 limesema.

Nikamweleza hivyo. Nikamwambia tunachopendekeza kwenye awamu ya pili: mlo mkubwa uliwe nyumbani kabla ya saa 12 jioni, katikati ya usiku maji au kitu chepesi, na tuone sukari na uchu vinasemaje baada ya wiki 3. Atakayeshindwa hatalaumiwa. Atuandikie tu ameshindwa saa ngapi.

Alifikiri. Chipsi akasema ataziacha, hela ya chipsi yenyewe inamuuma. Andazi labda. Chai akakataa.

"Ile chai ya saa 8 naomba uniachie. Siinywi kwa sababu ya tumbo. Jamaa wa geti la pili ndiyo saa anayovuka barabara kuja kwangu. Tunakunywa, tunaulizana habari za watoto, anarudi. Bila hiyo chai mimi nitalala."

Muuguzi alinitazama. Nikafungua fomu mpya, nikaisoma kwa sauti huku nikiijaza ili asikie. Wakati: usiku. Saa: 8. Usiku wa kuamkia: Jumamosi. Kinywaji: chai ya rangi.

"Sukari vijiko vingapi, mzee?"

"Vitatu," akasema, kisha akanyamaza kidogo. "Andika viwili."